Mnoko wa Maabara ya Maji

Siku ya kuniaga, wenzangu wa maabara walishindwa kukubaliana waandike nini kwenye keki. Keki ililetwa nyeupe tupu kwa sababu kikao cha kuchagua maneno kilikuwa hakijaisha. Bahati, kijana wetu wa upande wa vijidudu, alitaka "Mama Mkali". Mkuu wa kitengo akasema hilo litasomeka kama malalamiko, heri "Mama Makini". Rose wa mapokezi akasema hilo ni jina la kampuni ya bima. Mtu mmoja aliyekaa nyuma, ambaye mpaka leo hajajitokeza, akasema iandikwe "Mnoko Wetu", yaani mtu wa kubana wenzake kwa sheria, na watu wakacheka kwa namna iliyonionyesha kwamba jina lile halikuzaliwa siku ile. Mwishowe keki ikakatwa haina neno. Nilikula vipande viwili.

Sasa nipo nyumbani Daraja Mbili na asubuhi zangu ni ndefu. Nimeona niwaandikie ninyi mliobaki na chupa na mita. Vyeo na mishahara nitaviruka, vyeo vilikuja vimechelewa na mishahara mnaijua. Nataka kuandika kuhusu yale maneno yenu manne, mkali, mgumu, mnoko na makini, kwa sababu nimeitwa yote na kuna wakati niliyachanganya mwenyewe, na watoto wa watu wakanywa matokeo yake.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani aliyetoka Kondoa, kwa hiyo nilikua nikijua kwamba kipimo ni kitu cha kuning'inia shingoni. Nilipofika maabara siku ya kwanza, nimevaa koti jeupe alilonishonea yeye, nilitegemea kupewa darubini. Nikapewa chupa arobaini na brashi. Aliyenipa ni Mzee Barakaeli, Mmeru wa Kilutheri, mzee wa kanisa, mtu mwembamba mwenye taulo begani na meno ya kahawia kama ya wengi waliokulia upande ule wa mlima. Akaniambia nizioshe, halafu nisuuze kila moja mara tatu.

Nilipomaliza nikamwita. Akachukua chupa moja, akaiinua kwenye mwanga, akaniuliza nimeisuuza mara ngapi. Nikasema tatu. Akauliza ile ya pili niliisuuza vipi. Sikukumbuka. Akazirudisha zote arobaini kwenye karai. Kesho yake vilevile, akaniuliza ya pili nilimwaga maji kuelekea wapi. Nilirudi nyumbani nikamwambia baba kwamba nimewekwa chini ya mzee mkali asiye na akili timamu. Baba akauliza kama koti halinibani.

Juma lilipoisha nikapata ujasiri wa kumuuliza kwa nini iwe mara tatu. Alifungua kabati, akatoa daftari kuukuu lenye jalada la kitambaa, akanionyesha kurasa za mwandiko wake wa ujanani. Na yeye aliambiwa tatu bila sababu, basi akapima. Alisuuza mara moja akapima uchafu uliobaki, akasuuza mara mbili akapima, tatu akapima, nne akapima. Baada ya tatu hakukuwa na kilichobadilika.

"Ya tatu ni kazi," akaniambia. "Ya nne ni ya kujionyesha. Usiifanye, binti, maji yenyewe ni ya shida."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kuelewa kwamba hakuwa mkali. Sauti yake hakuipandisha hata mara moja. Mkali anataka umtii, yeye alitaka ujue. Mgumu alikuwa bwana wa stoo, ambaye hakutoa karatasi ya chujio bila barua ya mkuu hata wakati mkuu mwenyewe amesimama mbele yake anaomba karatasi ya chujio.

Kwenye maabara ya Mzee Barakaeli neno "safi" lilikuwa marufuku. Ukiandika "maji ni safi" anakurudishia fomu. Alitaka uandike ulichokiona: hayana rangi, hayana harufu, yana chembe tatu chini. Safi ni maoni, alisema, na maoni yana ofisi yake mjini. Mara moja alinirudishia fomu niliyoandika "maji yana rangi ya chai". Alitaka kujua chai ya nani.

Kisa kilichonifundisha kuliko vyote kililetwa na mfugaji kutoka Terrat. Alikuja na chupa ya maji ya kisima na malalamiko kwamba ng'ombe wake wanayakataa. Nilikuwa mapokezi siku ile, nikamweleza kwa upole kwamba hatupokei malalamiko ya ng'ombe. Mzee Barakaeli akanisikia, akaja, akaweka kiti, akamhoji yule mfugaji kama daktari. Ni ng'ombe wangapi? Saba. Siku ngapi? Nne. Wanakataa kabisa au wanaonja kwanza? Yule bwana akajibu ng'ombe kwa ng'ombe, akiwataja kwa rangi zao, yupi alionja, yupi alinusa tu, yupi alikunywa akaharisha. Nilikuwa sijasikia ushahidi ulionyooka kama ule. Tukapima, chumvi ilikuwa imezidi mno.

Mzee akaandika ripoti, na kwenye nafasi ya "mtoa taarifa" akaandika "ng'ombe saba", kwa sababu ndio waliogundua. Makao makuu wakairudisha fomu wakidai sahihi za watoa taarifa. Ungekuwa wewe ungebadilisha neno, yaishe. Yeye aliondoka na pedi ya wino wa muhuri na karatasi, akapanda lori la mchanga mpaka Terrat, akarudi jioni na alama saba za kwato, kila moja na rangi ya ng'ombe pembeni. Fomu ikapokelewa, ikagongwa muhuri na kupewa namba ya jalada. Ipo mpaka leo, kabati la tatu, mkitaka kuiona.

Mzee Barakaeli alistaafu akarudi kwenye migomba yake, nami nikaachiwa upande wa kemia. Hapo ndipo nilipoanza kuharibika, ila sikujua. Yeye aliheshimiwa bila kuomba. Mimi nilitaka kuheshimiwa haraka. Nikabandika maagizo kila mahali: juu ya bomba, juu ya swichi, mlangoni, na moja likisema maagizo mengine yasiondolewe. Nikaanza kusuuza mara nne mbele ya wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo.

Kulikuwa pia na ile semina. Alikuja mtoa mada kutoka Dar es Salaam kutufundisha umakini, na alifika amechelewa saa mbili. Tuligawanywa makundi tueleze maana ya umakini kwa sentensi moja ya kuning'iniza ukutani. Kundi la kwanza likasema umakini ni usahihi. La pili likasema usahihi ni umakini. La tatu lilikuwa bado linachagua katibu. Mpaka chakula cha mchana kikafika hatujapata sentensi, na mtoa mada akatoa moja aliyokuja nayo kwenye begi, tayari imechapwa na kuwekewa fremu. Ilipotundikwa niliona imeinama upande. Nikaenda kuazima pimamaji ya fundi mwashi aliyekuwa anajenga jirani, nikapima mbele ya wote. Fremu ilikuwa sawa kabisa. Dari ndiyo iliyoinama. Naamini jina la mnoko lilianzia hapo.

Basi sasa nifike Nkoasole, maana huko ndiko ninakoelekea tangu nianze.

Nkoasole ni kijiji kilicho juu ya mji mdogo wa Kikatiti, kwenye mgongo wa mlima. Shule yao ya msingi, yenye darasa la chekechea, ilikuwa inanywa maji ya chemchemi iliyo msituni, mwendo mrefu wa kupanda, watoto na ndoo kichwani kila asubuhi. Mfadhili mmoja akawachimbia kisima kirefu pale pale uwanjani. Kabla watu hawajaruhusiwa kunywa, maji yalitakiwa kupimwa, hasa floridi. Ninyi mnajua, ila nawaandikia na watakaokuja: floridi ni madini yanayotoka kwenye miamba ya mlima wetu. Kidogo hulinda meno. Yakizidi huyapaka meno ya mtoto rangi ya kahawia yakiwa bado ndani ya fizi, na yakizidi sana hupinda miguu.

Kwa kawaida tungekwenda kuchota wenyewe. Gari letu lilikuwa juu ya matofali uani, na kuku wa mlinzi walikuwa wakitaga kwenye kiti cha dereva. Mkuu akasema wanakijiji walete sampuli wenyewe, mimi niwaandikie maelekezo. Niliandika kurasa mbili. Chupa isuuzwe mara tatu kwa maji yale yale ya sampuli. Ijazwe pomoni. Saa iandikwe. Isipigwe na jua. Na kwa kuwa nilikuwa nimechoka na watu wanaoleta maji yenye majani na viluwiluwi, nikaandika kifungu cha tisa kwa herufi kubwa: SAMPULI YENYE UCHAFU WOWOTE ITAKATALIWA. Nilikipenda kifungu kile. Nilikipigia mstari.

Siku ya sampuli walikuja wawili. Mzee Nderingo, mwenyekiti wa kijiji, alivaa suti. Mama Anaeli, mwenyekiti wa kamati ya maji, mama mtu mzima wa makamo ya mama yangu, alivaa nguo yake ya kanisani. Chupa ilikuwa ndani ya kapu, imefungwa kitambaa cheupe kilichotariziwa, kama mtoto anayepelekwa kubatizwa. Saa imeandikwa mpaka dakika. Imejaa pomoni, haina hata kiputo cha hewa. Niliwaita vijana waje waione, nikawaambia, hii ndiyo sampuli. Mama Anaeli aliinamisha kichwa kwa furaha.

Nilipima mara tatu. Majibu yalikuwa mazuri ajabu, floridi kidogo sana kwa maji ya upande ule. Nikamwita mwenzangu apime kwa mkono wake bila kuona majibu yangu. Akapata yaleyale. Nikabadilisha mita. Yaleyale. Niliyapenda majibu yale, na hapo palikuwa na tatizo, kwa sababu sikujiuliza kwa nini yanafanana na chati ya maji ya chupa tuliyopima mwezi huohuo, ya kampuni ileile ambayo chupa yake ilikuwa mezani kwangu nikiinywa. Nikasaini cheti. Kikasomwa kanisani Jumapili, wakakitia fremu wakakitundika ofisini kwa mwalimu mkuu. Njia ya chemchemi ikaota majani.

Masika mawili yakapita. Gari likapona, kuku wakahamishwa. Nikapata waajiriwa wapya watatu, Bahati akiwa mmoja wao, na nikataka kuwaonyesha kijiji cha mfano. Mnaona jinsi nilivyojipeleka mwenyewe. Nilipanda Nkoasole kufundisha.

Tulifika, tukasalimiana, nikatoa mita ya safari. Nikamwambia Bahati achote na apime huku nikiwaeleza wenzake kuhusu ile sampuli ya kitambaa cheupe. Akasoma namba. Nikamwambia asuuze vizuri. Akasema amesuuza. Nikamuuliza ya pili aliisuuza vipi, akanieleza, na alieleza vizuri. Nikapima mwenyewe. Namba ilikuwa mara kadhaa ya kiwango. Nikabadilisha betri. Nikabadilisha chupa. Nikasema pengine ni joto, tukahamia kwenye kivuli, nikasema pengine ni kivuli. Nilipima mara sita, na namba haikunionea huruma hata mara moja. Nilikuwa natokwa jasho kwenye baridi ya mlimani.

Mama Anaeli alikuwa ameshatuandalia chai. Nikawaacha vijana na mita, nikaenda kwake peke yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekauka hivyo? Kaa unywe."

Nilimuuliza, kama mtu anayeuliza habari za kawaida, siku ile walichota maji saa ngapi. Akasema saa mbili na dakika kumi. Nikamuuliza ni nani alichota.

"Kuchota?" akasema. "Hatukuchota. Tulinunua Kikatiti."

Nilidhani sikumwelewa. Akanieleza tena, taratibu, kama anayemweleza mtoto. Kamati ilikaa ikasoma karatasi yangu kifungu kwa kifungu. Walipofika cha tisa wakaogopa. Maji ya kisima kipya yalikuwa bado na mchanga mchanga. Yakikataliwa, kijiji kitaaibika. Basi wakachanga, wakanunua maji ya chupa dukani, yale yaliyofungwa kizibo na kampuni, wakasuuza chupa yangu mara tatu kwa maji yaleyale, kama nilivyoagiza, wakajaza pomoni.

"Lakini mama," nikasema, "nilitaka maji yenu."

"Yalikuwa yetu. Tuliyanunua." Akaniangalia kwa kunihurumia kidogo. "Mwanangu, kwetu kitu kikitoka nyumbani kwenda kwa mkubwa, kinachaguliwa. Mkungu wa ndizi hatupeleki ule ulioangushwa na upepo. Sasa wewe unasema ukiona uchafu utakataa. Tungekuletea maji ya mchanga, ungetuonaje?"

Mjukuu wake, Neema, mtoto wa chekechea, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha plastiki. Alikunywa mpaka mwisho akajifuta mdomo kwa mkono. Nikauliza anakunywa maji gani. Mama Anaeli akasema ya kisima, hajawahi kuonja mengine tangu aache kunyonya, na Mungu awabariki wote waliohusika. Alinijumuisha na mimi kwa ishara ya kichwa. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, maana mama yule alifanya kila nilichomwagiza, na kilichokuwa kinamdhuru mjukuu wake ni kifungu cha tisa na sahihi yangu.

Hapo kwenye kigoda nikamweleza. Floridi ni nini, inafanya nini, na kwamba nimepima mara sita. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanyanyuka, akachukua kile kikombe mkononi mwa mtoto, akakifudikiza kwenye sinia.

Mjini, mkuu wa kitengo wa wakati ule, ambaye naye ameshastaafu, alinionea huruma. Akasema tutakifuta cheti, na kwenye sababu tuandike "hitilafu ya kifaa", maana kifaa hakina familia. Nikasema nitafikiri. Kwanza ilibidi watu waache kunywa, na kwa hilo kulihitajika mkutano wa kijiji.

Nilisimama mbele ya Nkoasole nzima chini ya paa la bati la shule, nikasema maji haya yasinywewe, nilikosea. Sikuaminika. Si kwamba walinidharau, la. Waliniheshimu kupita kiasi. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, akainuka akasema kwamba mama huyu anajulikana wilaya nzima kuwa hakosei. Sasa anasema alikosea. Kama hakosei, basi cheti ni sahihi. Na kama cheti ni sahihi, anakosea leo, jambo ambalo haliwezekani kwa sababu hakosei. Alifika hapo akaona ugumu wake mwenyewe, akakaa. Watu wakampigia makofi.

Mzee Nderingo akaagiza cheti kiletwe. Kikaja na fremu yake. Akanisomea sahihi yangu mwenyewe kwa sauti, akaniuliza kama ni yangu. Nikasema ni yangu. Akauliza kama sina ugonjwa wowote tangu siku ile. Mama mmoja akasema pengine nimetumwa na watu wa kijiji cha chini wanaoonea wivu kisima. Mwingine akasema meno ya kahawia kila mtu anayo hapa, hata mchungaji, na mchungaji anahubiri vizuri. Nilijaribu kuonyesha mita. Wakasema ile ya kwanza ilikuwa kubwa zaidi. Nilisimama pale nikishindana na sifa ya ukali wangu wa miaka yote, na sifa ilikuwa inashinda.

Ndipo Mama Anaeli alipoinuka. Alikuwa na kitambaa cheupe mkononi, kile cha kapu.

"Maji aliyopima hayakuwa ya kisima," akasema. "Nilinunua mimi. Chupa mbili kubwa, Kikatiti, duka lile lenye mlango wa bluu, Jumanne. Nilisuuza mara tatu, nikajaza. Ya pili ilibaki nusu, nikampa mgonjwa wangu. Saa niliyoandika ni ya kujaza, si ya kuchota. Hakuna aliyechota."

Kwa mtu wa heshima yake, mama wa kanisa, kusema vile mbele ya wakwe na wajukuu halikuwa jambo dogo, na kila aliyekuwa pale alilijua. Hakujitetea kwa kutaja kifungu cha tisa. Nilikitaja mimi baadaye. Mzee Nderingo akainuka, akasema kwamba kapu alilibeba yeye.

Nimekaa na watu waliosoma, nimehudhuria semina na kuona fremu nyingi ukutani, lakini umakini niliouona siku ile sikuwa nimeuona tangu Mzee Barakaeli na kwato zake. Kusema ulichofanya, kama ulivyokifanya, na ile nusu chupa iliyobaki ukaitaja.

Kisima kikaachwa kwa kufulia, mifugo na kumwagilia. Njia ya chemchemi ikafyekwa Jumamosi iliyofuata, na kamati ikaanza kuhangaikia matangi ya kuvuna mvua kwenye paa la shule. Fomu ya kufuta cheti niliijaza mwenyewe. Ina nafasi ya sababu, mstari mmoja tu. Sikuandika hitilafu ya kifaa. Niliandika: "Mpimaji hakwenda kisimani." Mkuu aliisoma, akanitazama, akagonga muhuri. Maelekezo yale ya kurasa mbili niliyachana, nikaandika mapya yenye mistari minne, wa kwanza ukisema tunataka maji yenu mnayokunywa, hata yakiwa mabaya.

Vijana, baada ya hapo nilifanya kazi miaka mingine michache, nikisuuza mara tatu. Mliendelea kuniita mnoko kwa sababu nilikuwa nawalazimisha kwenda wenyewe kwenye kila kisima, mvua au jua. Hilo nalikubali, niiteni hivyo.

Lakini kuna jambo ambalo mita haiwezi kupima. Meno ya kudumu ya mtoto hutengenezwa kimya kimya ndani ya fizi wakati bado ana yale ya maziwa, na huwezi kujua maji yamefanya nini mpaka meno hayo yaote. Kwa hiyo nilistaafu nikiwa sijui. Mwezi uliopita nikapata habari kwamba Neema, mjukuu wa Mama Anaeli, ameota meno ya kudumu ya mbele, nikapanda Nkoasole na mkoba wangu wa mtu asiye na kazi.

Alikuwa amekua. Akanipa shikamoo na mdomo umefungwa nusu. Bibi yake akamwambia acheke. Hakutaka, akacheka, akaziba kwa kiganja, nami nikawa nimeshaona. Nilitaka kumwomba radhi, na mtoto wa miaka saba unamwombaje radhi kwa sahihi yako? Nilianza kulia kama mtoto mimi mwenyewe, na Neema akaona ni afadhali aende akacheze.

Mama Anaeli aliniacha nilie mpaka nikamaliza. Kisha akasogeza kigoda.

"Umeona?" akaniuliza.

"Nimeona, mama."

"Basi andika."

Nikamwambia sina fomu tena, mimi si mfanyakazi wa mtu. Akasema hakuniuliza fomu. Nikatafuta kwenye mkoba, nikapata kadi ya mwaliko wa harusi, nikaigeuza nyuma. Niliandika jina la mtoto, miaka saba, meno mawili ya juu ya mbele, michirizi ya kahawia, kushoto zaidi ya kulia. Chini yake nikaandika aliyesaini cheti, na jina langu lote, la kwangu, la baba na la babu.

Mama Anaeli, asiyesoma vizuri bila miwani, akaniomba nimsomee. Nilipomaliza akasema nimesahau siku na saa.